Minoh, Mji Uliopokea Vitabu Kabla ya Treni

Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia ameiweka mezani, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Mbele yake palikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili na daftari la shule. Alikuwa ananakili ngeli kwa kalamu ya risasi. Mtu, watu. Mti, miti. Kiti, viti. Akikosea anafuta, anapangusa vumbi la ufutio kwa kiganja, anaandika tena.

Hii ni maktaba ya manispaa ya Minoh, Japani. Haihusiani na ubalozi wowote, na haina mlinzi anayekuuliza kitambulisho cha chuo. Siku hiyo watoto wa shule ya msingi walikuwa wanagombania vitabu vya picha, na mama mmoja alikuwa anasukuma kigari cha mtoto huku akitafuta kitabu cha mapishi.

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

Akainua uso. Ilimchukua muda. Kisha akasema, silabi moja baada ya nyingine, "Ma-ra-ha-ba." Akatabasamu uso mzima.

Tukaendelea kwa Kijapani, maana Kiswahili chake bado hakijafika mbali. Nilimuuliza alianzaje. Nilitegemea kusikia habari za safari ya Serengeti, au binti aliyewahi kujitolea Tanzania, au rafiki wa zamani wa Mombasa. Hapakuwa na lolote kati ya hayo. Amestaafu, nyumba yake iko jirani, asubuhi huja hapa kusoma. Siku moja alipita kwenye rafu ya vitabu vya Kiswahili akasimama.

"Lakini kwa nini Kiswahili?"

"Vitabu vilikuwepo," akasema.

Jibu hilo halijaniacha tangu siku hiyo. Zimepita wiki kadhaa.

## Mahali pa kulala

Ukimuuliza mtu wa Osaka kuhusu Minoh, atakutajia maporomoko ya maji. Yana urefu wa mita 33, na njia ya kuyaendea inaanzia kituo cha treni na kufuata mto ndani ya bonde. Pembeni mwa njia hiyo kuna maduka madogo yanayokaanga majani ya mti uitwao momiji. Ndiyo, majani yenyewe: yanawekwa kwenye chumvi kwa mwaka mzima au zaidi, yanachovywa kwenye uji wa unga wenye sukari na ufuta, kisha yanatumbukizwa kwenye mafuta. Atakutajia pia kima wa mlimani, na huenda akakuonya usiwape chakula, kwa sababu tangu 2010 kuna sheria ndogo ya mji inayokutoza faini ya yeni 10,000 ukifanya hivyo.

Baada ya hapo atanyamaza. Minoh ni mji wa watu kama 140,000, kaskazini mwa Osaka, na sehemu kubwa ya eneo lake ni milima yenye msitu. Nyumba zimebanana upande wa kusini, kwenye miteremko. Asubuhi watu wazima wanashuka kwenda Osaka kazini, jioni wanapanda kurudi. Mimi ni mmojawapo.

Miji ya viungani iko hivyo duniani kote, na kwa kawaida haisimuliwi. Jiji lina historia, kijiji kina asili, kiunga kina ratiba ya treni tu.

Ila vitabu vya Kiswahili havioti kwenye rafu. Mtu anaposema "vilikuwepo", maana yake kuna aliyevileta, kuna aliyevitafutia mahali, na kuna aliyeamua kuuacha mlango wazi. Nikaanza kutafuta ni akina nani.

## Treni iliyotafuta abiria

Tarehe 10 Machi 1910 treni ya umeme ilianza safari kutoka Umeda, katikati ya Osaka, kwenda Takarazuka, na tawi lake fupi la kilomita nne likaishia Minoh. Kampuni hiyo leo inajulikana kama Hankyu. Aliyeiongoza alikuwa Kobayashi Ichizo, mtu aliyeacha kazi ya benki ya Mitsui.

Tatizo lake lilikuwa moja: reli ilipita mashambani. Abiria wangetoka wapi?

Akaamua kuwatengeneza. Alinunua ardhi kando ya reli kabla ya treni kuanza, akajenga nyumba, akaziuza kwa malipo ya kila mwezi kwa miaka kumi, jambo ambalo karani wa Osaka wa enzi hizo hakuwahi kuliota. Alichapisha vijitabu vya kuwashawishi watu, akiwakumbusha kwamba Osaka iliyosifiwa kwa mifereji yake imegeuka mji wa moshi. Na ilikuwa kweli. Viwanda vya pamba vilikuwa vimeuvika mji anga jeusi. Njooni mlimani, aliwaambia, mkalale penye hewa.

Nyumba za kwanza zilikuwa Ikeda, mji jirani. Mwaka uliofuata, 1911, ikawa zamu ya Sakurai, ndani ya Minoh ya leo. Ili watu wapande treni hata Jumapili, kampuni ilifungua bustani ya wanyama Minoh mwaka huohuo wa 1910, karibu na maporomoko. Ilidumu hadi 1916 tu. Kobayashi alihamishia nguvu zake Takarazuka, upande wa pili wa reli, ambako kikundi chake cha wasichana waimbaji kilipanda jukwaani mara ya kwanza 1914 na hadi leo kinajaza ukumbi.

Nimeusoma mwaka huo wa 1916 mara nyingi. Mji umepewa treni, umepewa simba na tembo, kisha baada ya miaka sita simba na tembo wanaondolewa kwa sababu hesabu zinapendeza zaidi kwingine. Kilichobaki Minoh ni nyumba, mlima na maji.

Mji haukuulizwa.

Hilo ndilo lililonipa wasiwasi mapema kabisa katika uchunguzi wangu mdogo. Kama kiunga ni mahali ambapo mambo huletwa na kuondolewa na mtu mwingine, basi hata vitabu vya Kiswahili vitakuwa vimetupwa hapa kama mzigo uliokosa nafasi mjini. Na kusema kweli, nilipofika kwenye sura iliyofuata, wasiwasi uliongezeka.

## Majora yanahama

Katikati ya Osaka kuna mtaa wa kale wa wafanyabiashara unaoitwa Semba. Kwa karne nyingi hapo ndipo vitambaa vilipouzwa kwa jumla. Kufikia miaka ya 1960 barabara zake zilikuwa zimesongwa na malori. Mtu hawezi kushusha majora bila kuziba njia ya mwenzake. Wenye maduka wakaungana katika ushirika, wakatafuta ardhi nje ya jiji, wakaipata Minoh. Mwaka 1970, mwaka ambao maonyesho makubwa ya dunia yalifanyika Suita hapo jirani, mtaa mpya wa maghala na maduka ya jumla ulikuwa umesimama kwenye mteremko wa kusini wa Minoh. Wakalihamisha na jina. Hadi leo sehemu hiyo inaitwa Semba.

Hapo nilisitisha kusoma nikampigia simu mama yangu, Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi bado?"

Nilimuuliza kuhusu kanga za bibi. Bibi alikuwa na sanduku la mbao lenye kanga ambazo hazikuvaliwa, zimekunjwa kwa doti, na baadhi yake zilikuwa na maandishi ya Japani pembeni mwa pindo. Nilikuwa nayasoma nikiwa mtoto bila kuyatilia maanani.

"Zile za Mjapani," mama akasema bila kusita. "Hazikuwa zinachuja. Unaifua mpaka inachanika, rangi iko palepale. Bibi yako alikuwa hataki nyingine."

Wanaojua historia ya kanga hawatashangaa. Meli za kampuni ya Osaka Shosen zilianza kuja pwani yetu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 pamba ya Japani ilijaa masoko ya Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala. Waingereza walilalamika lakini mikono yao ilifungwa na mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotaka bidhaa za mataifa yote zitozwe ushuru ule ule. Baada ya vita kuu ya pili kanga zenyewe, pindo na mji na jina lake, zilipigwa chapa Japani kwa oda za wafanyabiashara wa pwani. Michoro na maneno yalitoka kwetu, viwanda vya Kyoto vikachapa, kampuni za Osaka zikasafirisha. Kisha vikaja viwanda vya nyumbani, kama Urafiki pale Ubungo mwaka 1968, na biashara ile ikapungua.

Sina ushahidi kwamba hata doti moja ya bibi ilipita kwenye maghala ya Minoh, na sitaki kulazimisha. Maghala yalijengwa wakati biashara ya kanga za Japani ilikuwa inashuka. Ila ninajua sasa kwamba watu wa fani ileile, kutoka mtaa uleule wa vitambaa, walihamia mlangoni pa maktaba ninayoitembelea. Jirani zao wa zamani waliandika oda zenye maneno ya Kiswahili.

Kwa siku kadhaa hilo lilinifurahisha. Kisha likaanza kunikera.

Maana nalo ni lilelile. Jiji limejaa, malori yanaziba njia, pelekeni Minoh. Vitambaa vilikuja kwa sababu palikuwa na nafasi.

## Mjane, kilima na lugha

Chuo cha lugha za kigeni cha Osaka kilianza mwaka 1921. Aliyekiwezesha ni mwanamke, Hayashi Choko, mjane wa mfanyabiashara wa meli, aliyetoa yeni milioni moja ili ijengwe shule ya kufundisha lugha za dunia. Yeni milioni moja ya wakati ule ilikuwa utajiri wa kutisha. Angeweza kujenga hekalu lenye jina la mumewe. Akachagua lugha.

Chuo kilikaa mjini, Uehommachi, kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1979 nacho kikahamishwa. Kwenda wapi? Minoh, tena juu kabisa, kilima cha Aomadani, ambako hakukuwa na kituo cha treni karibu. Wanafunzi walipanda basi na kuzungukazunguka mlimani hadi langoni. Huko juu, mbali na kila kitu, zilifundishwa Kimongolia, Kiurdu, Kiburma, Kihangari, Kideni. Na Kiswahili.

Orodha ya lugha wanazoweza kuchagua wanafunzi kuwa somo lao kuu ni ya lugha 25, ukihesabu Kijapani chenyewe. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara iko moja tu, nayo ni ya kwetu. Kijana wa Kijapani wa miaka kumi na minane anajaza fomu, anachagua Kiswahili, na kwa miaka minne anakula ngeli, methali na hadithi. Chuo kina desturi ya siku nyingi ya michezo ya kuigiza, ambapo kila kundi hupanda jukwaani kwa lugha linayosomea. Kwa hiyo kwenye kilima hicho, kati ya msitu wenye kima na nyumba za watu waliolala, vijana wa Kijapani wamekuwa wakigombana, wakiposana na kulia jukwaani kwa Kiswahili.

Nilipanda huko Jumamosi moja. Sikuwa na shughuli maalumu. Nilitaka kuihisi miguu yangu ikipanda. Mteremko ni mkali. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba yake. Nilimsalimu, nikamweleza nimekuja kutazama mahali palipokuwa chuo.

"Wameondoka," akasema. "Asubuhi basi lilikuwa linajaa. Sasa unapata kiti."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini nilisimama pale kwa muda. Mwaka 1979 kilima kilipewa vijana wa nchi nzima, mwaka 2021 kikanyang'anywa. Bustani ya wanyama ilidumu miaka sita. Chuo kilidumu zaidi ya arobaini. Kwa mama yule hesabu ni ileile: kilikuja, kikaondoka, hakuulizwa.

Nilishuka nikiwa na hakika kwamba makala hii itakuwa ya huzuni.

## Walipoketi na kuamua

Kilichobadilisha mawazo yangu ni namna ambavyo uhamisho wa 2021 ulifanyika. Chuo cha lugha kilikuwa kimeshaunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka tangu 2007. Mji ulikuwa unapanga kuleta reli ya Kita-Osaka Kyuko hadi ndani ya Minoh, na mtaa wa vitambaa wa Semba ulikuwa unahitaji maisha mapya. Chuo nacho kilihitaji kushuka kutoka mlimani. Wakaketi pamoja.

Walichokubaliana sijakiona kwingine. Mji ulijenga maktaba ya umma pale Semba, mkabala na jengo jipya la chuo, na kuikabidhi kwa chuo kikuu kiiendeshe. Vitabu vya lugha vya chuo, vilivyokusanywa kwa karibu miaka mia tangu fedha za yule mjane, vikaingia katika jengo moja na riwaya za upelelezi, vitabu vya mapishi na hadithi za watoto. Anayeishi mjini anatengeneza kadi na kuazima. Haulizwi amesoma mpaka darasa la ngapi wala anakitafutia nini kitabu cha Kihausa, Kipashto au Kiswahili.

Ninamwomba msomaji atulie kidogo hapa. Vyuo vikuu vingi hufungua maktaba zao kwa wageni siku maalumu, kwa barua, kwa ada. Hapa chuo kimeweka hazina yake kuu ndani ya maktaba ya manispaa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu juu ya mashairi ya Lamu anapanga foleni moja na mtoto anayerudisha kitabu cha dinosaria.

Na kuna jambo lingine. Maktaba ilifunguliwa 2021. Treni ilichelewa: wakati wa kuchimba, takataka za zamani zilikutwa chini ya ardhi, na maongezi ya viwanja yakarefuka. Reli ya kilomita mbili na nusu ilifunguliwa tarehe 23 Machi 2024. Kwa karibu miaka mitatu vitabu vilikaa pale, kituo kikiwa bado shimo lenye uzio. Wanafunzi walikuja kwa miguu na kwa basi kutoka Senri-Chuo, kituo ambako reli iliishia wakati huo. Na wazee wa mtaa, ambao hawakuhitaji treni kufika, wakaanza kupita kwenye rafu.

Yule mzee ni mmoja wao.

Mwaka 1910 treni ilikuja kwanza na watu wakafuata. Safari hii vitabu vilitangulia, na kwa miaka hiyo wasomaji wake wa karibu kabisa walikuwa wenyeji waliokuwa wanaishi hapo siku zote. Sehemu ya gharama ya reli, kwa wanaopenda kujua, ilitoka kwenye mfuko ambao mji huupata kwa kuendesha mashindano ya kamari ya mashua za kasi huko Suminoe, upande wa pili wa Osaka. Miji midogo ina njia zake.

Ukipanda treni hiyo leo kutoka kituo cha Hommachi, kwenye mitaa ya Semba ya zamani, unafika Semba ya Minoh bila kubadilisha behewa.

## Maswali ya Kobe

Nilimsimulia haya yote rafiki yangu mmoja wa Mombasa anayeishi Kobe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Sasa wewe wafurahia nini? Leso zetu walichapa wao, vitabu vyetu waweka wao kama vitu vya makumbusho. Sisi twabakia na nini?"

Sikumjibu siku ile. Nimelizungusha kichwani usiku mwingi.

Ana haki. Kuna uchungu halali katika kukuta kitabu cha mwandishi wa kwetu, chapa ya zamani ambayo nyumbani sijapata kuiona dukani, kimefungwa jalada gumu na kupewa namba katika mji wa Japani. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai lakini hakuna ukurasa uliokatika. Nilikishika nikafikiria nakala nyingine za toleo lilelile, zilizoliwa na mchwa, zilizofungia karanga, zilizozama kwenye mafuriko ya Msimbazi.

Lakini kadiri ninavyofikiri, ndivyo ninavyoona kwamba swali lake linahusu umiliki, na yule mzee wa dirishani hamiliki chochote. Hafundishi Kiswahili. Haandiki utafiti juu yetu. Hajawahi kufika Afrika na huenda asifike. Anajifunza kusema "viti vyangu vizuri" kwa sababu sentensi hiyo ina raha yake, na kwa sababu mji wake uliiweka mahali ambapo mkono wake unafika. Sijui tumepoteza nini kwa hilo. Tumepata mtu mmoja wa kumwamkia shikamoo Minoh.

Kuhusu makumbusho, hapo namkatalia rafiki yangu. Makumbusho huweka kitu mbali na mkono. Hapa kitabu kinatoka, kinalala kwenye meza ya jikoni ya mtu, kinarudi na doa la chai.

Shaka inayobaki kwangu haihusu vitabu. Inahusu kilima. Uamuzi mzuri wa Semba ulikuwa na bei, na bei hiyo wameilipa watu wa Aomadani, ambao wengi wao ni wazee na mteremko wao haujapungua. Nimejaribu kujishawishi kwamba mji kwa ujumla umefaidika. Huenda umefaidika. Ila "kwa ujumla" ni maneno anayoyasema mtu asiyeishi juu ya kilima, na mimi naishi chini.

## Soga

Nilimpigia rafiki yangu simu tena wiki iliyopita. Nikamwambia swali lake nimelipata jibu nusu, na nusu hiyo iko nyumbani.

Mwaka huohuo wa 2024 treni ya Minoh ilipofunguliwa, treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Ikitoka mjini inasimama Pugu, kisha Soga, Ruvu, Ngerengere, hadi Morogoro. Sisi tumezoea kinyume cha Kobayashi: watu hutangulia, wakanunua kiwanja porini, wakajenga chumba kimoja na kuhamia bila umeme, wakachimba kisima, barabara huwafuata baada ya miaka kumi, daladala, zahanati, kisha shule. Mbezi ilikua hivyo, Bunju hivyo, Chanika hivyo. Maktaba haipo kwenye foleni hiyo hata mwishoni.

Pale Soga, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, reli ya umeme imefika kabla ya mji. Nyumba bado ni chache. Viwanja vinauzwa; nimeona matangazo yake kwenye simu, yakisifia dakika za kufika Dar kwa lugha ambayo Kobayashi angeitambua. Kila kitu kinachoweza kuwekwa pale bado kinaweza kuamuliwa.

"Kwa hiyo wataka maktaba Soga," rafiki yangu akasema.

"Nataka watu wa Soga waulizwe," nikamwambia. "Wakiulizwa, mimi nitaomba maktaba. Na nitaomba iwe na rafu ya Kijapani."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimesema kweli. Mtoto wa Soga anayepita kati ya rafu akitafuta kitabu cha hesabu ana haki ya kusimama mbele ya herufi asizozijua na kuanza kuzinakili bila sababu yoyote ya maana. Vitabu vya kuanzia ninavyo. Vilikuwa vyangu nilipokuja huku sijui hata kusoma kibao cha choo. Vimejaa maandishi yangu pembeni, kwa Kiswahili, na nadhani hilo litamsaidia.

Nikija likizo nitapanda SGR na kushuka Soga badala ya Morogoro. Nitamtafuta mwenyekiti wa kijiji, nimuamkie, nimuulize kama kuna mtu amekuja kuzungumza nao kuhusu yale yatakayojengwa karibu na kituo. Kama yupo msomaji anayeishi upande huo, aniandikie hapa chini kabla sijakata tiketi.